Profesa Fisi na Utafiti wa Kikapuni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa chuo, wala si soko.

Na ndani ya chuo?

Ndani ya chuo mna meno. Sogeeni karibu, jamani, na mlango ufungwe.

Hapo kale palikuwa na chuo kikuu cha wanyama, na mwalimu wake mkubwa alikuwa Profesa Fisi. Joho lake kubwa, tumbo lake kubwa, na uroho wake ndio usiseme. Yeye utafiti hafanyi, lakini mwanafunzi akimaliza wake, Fisi hutaka jina lake litiwe. Digidigi alikataa. Akaitwa ofisini apewe ushauri. Aliingia Digidigi, ikatoka harufu ya supu.

Zamu ikawa ya Nguchiro, kinyama kidogo, chembamba. Yeye alikuwa akitafiti namna ya kumkamata Swila, nyoka mwenye sumu aliyewakosesha wanafunzi usingizi mabwenini. Siku alipomaliza, akasikia nyayo nje: kwacha, kwacha, kwacha.

"Nguchiro! Tia jina langu."

Nguchiro akatetemeka, akasema, "Ndiyo, Profesa."

Kesho yake: kwacha, kwacha, kwacha.

"Nguchiro! Jina langu litangulie."

Nguchiro akatetemeka, akasema, "Ndiyo, Profesa."

Siku ya tatu, kwacha, kwacha, kwacha, na Fisi hakusema neno. Alisimama mlangoni, akamtazama Nguchiro tangu masikio hadi mkia, akajilamba. Nguchiro akaona mauti yake yamesimama pale pale.

Akasema upesi, "Profesa, mimi nani hata jina langu likae karibu na lako? Lifute! Kazi yote ni yako. Mimi nikubebee kikapu cha utafiti tu siku ya baraza la kuusoma."

Fisi akacheka, hee-hee-hee! "Una adabu wewe, kijana. Haya, utabeba." Akamwacha aishi mpaka baraza lipite.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa pomoni. Fisi akasoma, akapigiwa makofi, pa-pa-pa! Ndipo mkuu wa chuo, Bi Ndovu, akasema, "Ahsante, Profesa. Sasa, kama ilivyo ada yetu, mwenye utafiti atuonyeshe kwa mikono yake."

Nguchiro akakiweka kikapu mezani. Kifuniko kikainuka. Ssssss!

Siku zote wanafunzi ndio walioonyesha, kwa kuwa majina yao yalikuwamo. Fisi akamgeukia Nguchiro. "Onyesha, basi!"

Nguchiro alikuwa akiogopa kwelikweli, akajibu, "Jina langu halimo, Profesa. Mimi mchukuzi."

"Tunakungoja, Profesa," akasema Bi Ndovu.

Fisi akanyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena. Swila akatanua shingo.

"Si yangu!" akalia Fisi. "Ni ya Nguchiro! Nimemwibia! Na Digidigi nimemla mimi!"

Hilo la Digidigi hakuna aliyemwuliza.

Fisi akaruka dirishani, pwaa! Joho likabaki msumarini, na yeye hajaonekana tena chuoni. Nguchiro akajirusha mezani, rup! Akamshika Swila shingoni, akapewa shahada yake akingali anatetemeka.

Ngano yangu imefika mwisho. Aliyesikia akalale, aliyesinzia asiniulize.

Na mafunzo yake, wanangu? Waheshimuni walimu wenu. Mwalimu akiitaka kazi yako, usiwe mchoyo. Mpe yote, na umfungulie kikapu.