Michembe ya Kwandu

Mfuko haumalizi kazi ya jua. Ndivyo mjomba wenu alivyosema mezani, kisha akaendelea kutafuna kama mtu aliyekwisha kuamua kesi. Sayi alikuwa ameeleza tu kwamba yeye na mchumba wake wanagombana kila wiki, lakini wakishaoana mwenzake atatulia. Sasa mnaniuliza mimi, mfuko gani na jua gani. Kaeni basi, na anayetaka kuchungulia simu achungulie sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa. Maneno hayo yana chimbuko lake, nami nililiona kwa macho yangu, kwa kuwa yalitokea nyumba ya jirani, kule kijijini kwetu Usukumani.

Jirani yangu huyo aliitwa Kwandu, mke wa Luhende. Katika ua huohuo, kwenye nyumba ndogo ya upande wa pili, aliishi mama mkwe wake, bibi mmoja mkimya jina lake Mbuke. Kwandu alikuwa mchapakazi, mwepesi wa mikono na mwepesi wa kuamua. Ukimwambia jambo Jumatatu, Jumanne amekwisha kulifanya, hata kama lilitaka kungoja.

Michembe hamuijui vizuri, ninyi mliokulia mikate. Ni viazi vitamu vibichi, vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya majabali mpaka vikauke. Vikishakauka vinawekwa ghalani, na siku za njaa zikifika unavichemsha na karanga, nyumba inashiba. Adui wa michembe ni fukusi. Mwaka uliotangulia, fukusi waliingia kwenye ghala la Kwandu wakala karibu nusu, na kilichobaki kilikuwa vumbi na matundu. Kwandu alilia siku ile, na akaapa kwamba hawatamlia tena.

Mwaka ninaousema mvua zilikatika mapema. Mpunga ulikaukia majarubani, mahindi hayakufika popote. Tulichopata ni viazi vitamu peke yake. Kila mtu alijua kwamba nyumba itakayoharibikiwa michembe mwaka ule italala njaa kabla ya mavuno mengine, na Kwandu alikuwa na watoto wadogo ndani.

Basi akaja Nkwimba, binti yake mkubwa, likizo kutoka Mwanza alikokuwa akiuza chakula. Alikuja na mashine yake ya kufungia vyakula. Kilikuwa kidude kirefu chembamba, cha kutumia umeme. Unatia chakula kwenye mfuko wa plastiki, unaubana mdomo wa mfuko pale kwenye mashine, nayo inanguruma, inafyonza hewa yote, kisha inauchoma ule mdomo unafungika. Mfuko unakishika chakula kama ngozi inavyoshika mfupa. Nkwimba alitufungulia karanga alizokuwa amezifunga zamani, tukazitafuna, ladha yake kama za jana. Alitueleza kwamba mdudu akikosa hewa hafanyi kitu. Mimi mwenyewe nilikimbilia nyumbani nikaleta dagaa wangu wakavu wakafungwa, na nikawala miezi mingi baadaye wakiwa wazima. Kwa hiyo msije mkasema bibi yenu hapendi mashine.

Lakini mashine ile ndiyo iliyomlisha Nkwimba mjini. Alikuwa anaondoka Jumapili, na asingeweza kuiacha. Michembe nayo bado ilikuwa juu ya majabali, na wiki ile mawingu yalitanda, jua likawa la kuchungulia na kujificha.

Jumamosi Kwandu akaizoa yote akaileta uani. Nami nilikuwapo, nimekuja kusaidia. Bibi Mbuke akatoka kwake polepole, akaokota mchembe mmoja, akaukunja kwa vidole.

"Mkamwana, huu unapinda tu. Hauvunjiki."

"Naona, mayu," Kwandu akamjibu mama mkwe wake. "Lakini mashine inaondoka kesho."

"Michembe haijui habari za safari."

"Kinachoozesha ni hewa, mayu, na hewa tunaitoa yote. Unyevu uliobaki ni kidogo, mfuko utamalizia. Au unataka fukusi wale tena, wajukuu zako wakiangalia?"

Bibi Mbuke akaurudisha mchembe mahali pake. Kwetu, mama akishamkabidhi mkamwana ghala, halisemei tena. Akilisemea ni sawa na kumnyang'anya, na nyumba nyingi zimevunjika kwa hilo. Kilichobaki ni kuomba fungu lake, maana hilo mzazi hanyimwi.

"Basi nipe fungu langu," akasema. "Mimi nitaendelea kuanika."

Kwandu akamjazia beseni moja, nadhani kwa kumhurumia. Mingine yote ikafungwa. Tulifunga mpaka jioni, mifuko ikapangwa ghalani vizuri mno, hata Luhende akaja kuitazama na kutabasamu. Bibi Mbuke aliendelea kupanda jabalini na beseni lake kila jua lilipochomoza, na sisi majirani tulimcheka chini kwa chini.

Njaa ilikuja kama tulivyojua itakuja. Chakula kingine kilipokwisha, Kwandu alifungua ghala. Niliitwa na ukimya, maana nyumba ile haikuwa na kawaida ya kunyamaza. Nilimkuta amekaa chini, kisu mkononi. Mifuko iliyokuwa imebana sasa ilikuwa imevimba. Alikuwa ameupasua mmoja, ukatoa harufu kali ya uchachu, na ndani michembe imelegea, inateleza, ina madoa meusi. Akapasua wa pili, akapasua wa chini kabisa. Yote ilikuwa vilevile. Watoto walisimama mlangoni wakingoja chungu kiwekwe jikoni. Niliumia moyo siku ile, wanangu.

Kwetu mkamwana ndiye anayempelekea mama mkwe chakula. Kwenda kumwomba yeye ni kuvua nguo mchana. Kwandu akainuka, akachukua ungo mtupu, akavuka ua. Mimi nilibaki pale pale nikimtazama.

Bibi Mbuke alikuwa amekaa mlangoni anachambua beseni lake. Aliuona ule ungo. Akalinyanyua beseni zima, akamwekea mkamwana wake mikononi.

"Fukusi wameshaanza," akasema. "Tule kabla yao."

Ni hayo tu. Mimi kwa ulimi wangu huu ningempa hotuba ya kutwa nzima.

Walipika kidogo kidogo, na sisi majirani tukachangia tulichokuwa nacho. Walikonda wote, mkubwa na mdogo, lakini mboga za kwanza ziliwakuta wazima. Habari zilipomfikia Nkwimba mjini, alipiga simu analia. Kwandu alikuwa kwangu, na simu yake ilikuwa ya kupaza sauti, nikasikia yote.

"Mama, mashine yangu imewaulia chakula. Naitupa leo."

Kwandu angeweza kuitupia mashine lawama, na hakuna ambaye angembishia, hata mimi.

"Usiitupe," akasema. "Ilitunza kile nilichoipa, na mimi niliipa michembe mibichi. Mfuko haumalizi kazi ya jua, mwanangu. Mwakani uje nayo, lakini uje nikikuita."

Neno hilo nililibeba mimi kisimani, na kutoka kisimani likaenda lenyewe. Kijana akikimbilia kufungua duka kabla hajajifunza kazi, anaambiwa hilo. Anayepaka rangi ukuta wenye nyufa anaambiwa hilo.

Sasa, Sayi, usinitazame hivyo. Mjomba wako hajakukataza kuolewa. Ndoa ni mfuko mzuri, nami nimekaa ndani yake miaka mingi na sijutii. Lakini inatunza kile mlichoingia nacho. Mkiingia na ugomvi mbichi, huko ndani hakuna wa kuwaanikia. Mwite huyo kijana, mkae naye mchana kweupe, mseme yote mnayoogopa kusemeana, hata yakichukua msimu mzima. Harusi itawangoja. Mfuko haumalizi kazi ya jua.