Gari Jekundu la Bwana Mbaruku

Mawifi, wana midomo hao, walitamba kwamba Mwanakheri ataletwa kwa mumewe na bajaji. Bibi yake, Bi Zaituni, akaenda kwa Bwana Mbaruku muuza magari, kukodi lile jekundu la mbio.

"Sikodishi, nauza!"

"Basi niuzie, mwanangu. Ila Ijumaa tulijaribu kwanza, mimi na mjukuu wangu."

Ijumaa wakajibana garini, mjukuu kajigubika buibui.

"Honi inalia?"

Mbaruku akaipiga mtaa mzima.

"Taa je?"

Akaziwasha zote mchana kweupe.

"Na breki? Simama hapa!"

Akazikanyaga mbele ya nyumba yenye vigelegele. Mwanakheri akavua buibui, akashuka na shela lake. Mawifi wakabaki midomo wazi.

"Gari zuri," alisema Bi Zaituni, "ila nyuma pananibana. Shuka ule pilau, baba."