Mashua Iliyosubiri Gari

Fundi mmoja alijenga mashua mahali pasipokuwa na maji. Jina lake lilikuwa Osmund Mtweve, na kijiji chake kilikuwa juu milimani, kwenye baridi na ukungu, mbali na Ziwa Nyasa. Aliijenga huko kwa sababu mbao nzuri zilikuwa huko. Miaka yote alikuwa akichonga mitumbwi ya watu wawili watatu, na wenyewe walikuja kuichukua mabegani. Lakini mwaka huo alijenga mashua kubwa ya watu ishirini, yenye mahali pa kufungia injini na ubao mpana katikati wa kumlaza mgonjwa.

Walioiagiza ni watu wa vijiji vya ufukweni. Huko chini mlima unaingia ziwani wima, na barabara inafika kijiji kimoja tu. Katika vijiji vingine, mtu akizidiwa hubebwa kwa machela kwenye kijia cha mawe hadi hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima. Kwa mashua yenye injini ingekuwa safari ya saa mbili. Basi wakajinyima miaka mitatu. Aliyekuwa akipanda mlima kuja kuulizia kazi ilipofikia ni mkunga wao, Mama Agripina, mjane mwenye maneno machache aliyekwisha kuwafumba macho wanawake wengi kwenye kijia kile.

Mwezi wa nane mashua ikaisha. Osmund aliziba maungio kwa pamba na lami, akaipaka rangi, kisha akaizunguka polepole akigonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Haikuwa na kasoro. Lilibaki jambo moja, nalo ni gari la kuivuta hadi ziwani. Parokia ilikubali kununua pikapu, ifanye kazi hiyo kwanza na nyingine baadaye. Mjini, kwa mfanyabiashara mmoja, zilikuwapo mbili zilizotumika, bei zikikaribiana. Moja ilikuwa ya dizeli, nyingine ya petroli. Paroko akasema yeye hajui magari. Wachague Osmund na mdogo wake Kasiani, kwa kuwa mmoja aliijua mashua na mwingine alikuwa makanika aliyefanya kazi mjini miaka kumi na miwili kabla ya kurudi nyumbani. Watu wakaona hilo ni jambo la asubuhi moja.

Wakaenda mjini, wakayatazama, wakayawasha. Osmund akataka la dizeli. Alisema injini ya namna ile inavuta tangu ikiwa inazunguka polepole, na mzigo mzito hautaki papara. Haili mafuta sana, tena ikitunzwa hudumu hata mwenyewe akazeeka. Kasiani akataka la petroli. Alisema juu kwao kuna baridi, na dizeli asubuhi za baridi husumbua kuwaka. Siku ya mgonjwa nani atakaa akiibembeleza? Pampu yake ikifa, fundi wa kuifungua yuko mkoa mwingine, lakini vipuri vya petroli vipo hata kwa mwuza duka. Yote mawili yalikuwa kweli. Wangeweza kurusha sarafu, na lolote ambalo lingetokea lingewafaa.

Walirudi bila gari. Wiki iliyofuata wakalizungumza tena, na wiki baada ya hiyo. Jioni walikaa kwa mama yao, kila mmoja na kigoda chake, na hakuna hata mmoja aliyetaka kushuka. Kadiri siku zilivyokwenda, maneno yaliyotoka yalihusu injini, lakini moyoni kulikuwa na mambo mengine. Osmund aliposema dizeli inavumilia, alimaanisha kwamba yeye ndiye aliyebaki na kumwuguza baba yao mpaka mwisho. Kasiani aliposema petroli ni nyepesi, alimaanisha kwamba kuondoka kwake hakukuwa utoro. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Hakuna aliyejibu lile lililokuwa linasemwa.

Mwezi wa kumi Mama Agripina akapanda mlima. Alimkuta Osmund kwenye banda akiwa amekaa kivulini mwa mashua, hafanyi kitu.

"Fundi, naona imekwisha," alisema.

"Imekwisha, mama. Bado gari tu."

Alimweleza habari za gari. Alimweleza kwa urefu, kama mtu anayetafuta wa kumuunga mkono, na mama yule akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mkwewe Melania alikuwa na mimba ya miezi saba, tena mtoto amekaa vibaya, na kwamba mvua zikianza kile kijia hakipitiki vizuri. Osmund akamwambia asiwe na wasiwasi. Akampa ndizi za kula njiani, akamsindikiza hadi ukingoni mwa kijiji, na akiwa anarudi alikuwa akifikiria jibu moja zuri ambalo angempa Kasiani jioni ile kuhusu pampu.

Mwishowe Osmund akashinda. Hakushinda kwa hoja. Mwezi wa kumi na moja mawingu yalianza kukaa juu ya vilele tangu asubuhi, Paroko akakasirika, na Kasiani akachoka. Aliinuka kutoka kwenye kigoda chake akasema, "Sawa, kaka. Chukua dizeli. Ni safari yako." Akaenda zake. Osmund alifurahi siku mbili. Siku ya tatu aliona kwamba furaha ile hakuwa na mtu wa kuila naye.

Gari likanunuliwa, na sasa lilitakiwa tela la kubebea mashua. Kwa mipango ya mwanzo, Kasiani ndiye angelitengeneza. Katika ndugu hao wawili yeye ndiye aliyejua vyuma, na mara ya kwanza waliporudi kutoka mjini alikuwa amesema neno juu ya namna ya kulifunga breki zake lenyewe. Lakini Kasiani hakuja bandani. Osmund alimsubiri siku nne. Nyumba zao zilitenganishwa na shamba moja la mahindi. Ukipiga mluzi upande huu unasikika upande ule. Kila asubuhi Osmund alitoka nje, akatazama moshi wa jiko la mdogo wake, akajiambia kwamba yule aliyeondoka kwa hasira ndiye anayepaswa kurudi. Siku ya tano akamwita mchomea vyuma wa sokoni. Yule akachukua ekseli ya lori kuukuu, akaichomea fremu, akatia magurudumu. Likawa tela imara. Halikuwa na breki, maana hakuna aliyemwambia aweke, na Osmund, akili yake ikiwa imejaa injini, hakukumbuka kuuliza.

Wakaondoka siku ya Jumanne asubuhi, manyunyu yakianguka. Watu thelathini walisaidia kuipandisha mashua kwenye tela na kuifunga kamba. Osmund aliendesha mwenyewe, peke yake. Alipopita mbele ya nyumba ya Kasiani alipunguza mwendo. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Alilitazama gari, kisha akalitazama tela kwa muda mrefu zaidi, kuanzia kwenye ndoano iliyoliunga na gari hadi magurudumu. Midomo yake ikafunguka kidogo. Osmund alidhani atapungiwa mkono. Kasiani akageuka, akaingia ndani.

Kutoka kijijini barabara hupanda kwanza, ndipo huteremka. Kwenye mpando ule gari lilifanya yote ambayo Osmund alikuwa ameyasema. Lilivuta bila kulalamika, gia ya pili, mngurumo mzito ule ule, matope yakiruka nyuma na mashua ikifuata kimya. Osmund aligonga usukani kwa kiganja. Alitamani sana mdogo wake awepo pembeni yake aone. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu kutamani awepo, japo alitamani hivyo ili amshinde tena.

Juu kabisa ukungu ukafunguka, akaliona ziwa chini, la kijivu, na mapaa machache ya mabati ufukweni. Akaingiza gia ya kwanza, akaanza kuteremka. Mwanzoni hakuelewa kilichokuwa kinatokea. Alihisi mtu anamsukuma mgongoni, taratibu, kama mtu mwenye haraka nyuma yako kwenye foleni. Akakanyaga breki. Gari likatii, kisha likasukumwa tena. Kona ya kwanza aliipata. Kona ya pili aliipata kwa shida, magurudumu ya nyuma yakiteleza kwenye utelezi mwekundu. Akanusa harufu ya breki zinazoungua. Kabla ya kona ya tatu alikanyaga, na pedali ikazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Hapo ndipo alipojua kwamba tangu kileleni hakuwa akiivuta mashua. Mashua ndiyo iliyokuwa ikimpeleka.

Alikata usukani kuelekea upande wa mlima, gari likajikita kwenye ukingo wa udongo na kusimama. Tela halikusimama. Lilizunguka, ndoano ikakatika, likavuka barabara nyuma yake na kwenda bondeni. Osmund hakuiona mashua ikianguka. Aliisikia. Aliutambua mlio wa kila ubao, kwa kuwa alikuwa ameugonga kila ubao kwa kidole chake, na mlio ule uliendelea kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia. Baada ya hapo ilibaki mvua tu juu ya paa la gari, na injini, ambayo ilikuwa bado inanguruma.

Alivunjika mkono na mbavu mbili. Kasiani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, ametoka kijijini hadi pale mbio, miguu mitupu. Alimtoa ndani ya gari, akamlaza kando ya barabara, akamfunika kwa koti lake. Hakulia. Alichuchumaa akitazama kule bondeni, halafu akasema, "Niliona kwamba halina breki. Niliona, kaka, nikanyamaza."

Osmund alitafuta hasira ndani yake akaikosa. Akasema, "Na mimi sikukuita." Walikaa hapo, mmoja amelala na mwingine amechuchumaa, mpaka watu walipofika.

Melania alishikwa na uchungu wiki ya pili baada ya hapo, siku ya mvua kubwa. Wanaume wanane walimbeba kwa machela kwenye kijia cha mawe, wakipokezana. Hawakufika hata nusu. Mtoto alizaliwa kando ya njia, chini ya turubai iliyoshikwa na wanaume walioyageuza macho yao pembeni, naye akaishi. Mama yake hakuishi.

Osmund alishuka kwenda msibani, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, na Kasiani alikwenda naye. Walikwenda kwa miguu. Walikuta watu wamekaa kwenye mikeka, na Mama Agripina ndani, kichanga magotini pake, akikinywesha maziwa kwa kijiko. Osmund alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi tangu kileleni. Alipofungua kinywa yakatoka mengine. Alianza kueleza habari za ekseli, na utelezi, na jinsi gari lenyewe lilivyokuwa zuri. Kasiani akamgusa bega ili anyamaze. Mama Agripina alimaliza kijiko kile, akamfuta mtoto kidevuni, ndipo akainua macho. Hakuwa na hasira. Ndugu hao wawili walisema baadaye kwamba wangeona afadhali angekuwa nayo.

"Tuko watu mia nne hapa ufukweni, wanangu," alisema. "Mngetuita mwezi wa nane, tungepanda wote na kamba zetu. Wengine tungeshika mbele, wengi tungeshika nyuma, tungeishusha kwa siku tatu. Sisi hatukuwahi kuwaomba gari."

Walikaa mpaka maziko yakaisha, wakachota udongo pamoja na wengine, wakarudi mlimani. Mahali penye kona ya tatu hakuna aliyetazama bondeni.

Osmund hakujenga mashua nyingine. Mkono uliunga vibaya, hauwezi kushika randa. Kasiani alijaribu kuwaita watu wa ufukweni waanze upya, lakini miaka mitatu ya kujinyima haijirudii kwa urahisi, na wengi walikwisha kukata tamaa. Wagonjwa wao wanabebwa hadi leo. Gari lilinyooshwa bamba la mbele, likatiwa breki mpya, likarudi barabarani. Linabeba viazi siku za gulio na saruji ya parokia. Asubuhi za baridi linawaka vizuri, pampu yake haijawahi kuguswa, na kwenye mpando wowote linavuta bila kulalamika. Katika jambo lile walilobishania miezi mitatu, Osmund alikuwa sahihi.

Na ninyi mnaobishana nyumbani kwenu, kila mmoja akiwa na hoja nzuri, mmewahi kujiuliza ni nani yuko huko chini anahesabu miezi?