Mpira Uliopiga Filimbi

Wanangu, wenye watoto wachanga wanyonyesheni sasa hivi watulie. Neno langu la leo si refu, ila ni chungu, na sitaki limpite mtu.

Palikuwa na bwana mmoja, kazi yake kupima mahindi mashineni. Mpole. Yule unayempa gunia lako analiweka kwenye mzani, na jioni ukiulizwa nani kakupimia, hata sura huikumbuki. Akajibana, akajibana, akanunua gari la spoti, kuukuu, milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Mkewe akamwuliza, "Baba Lusungu, na watoto wote hawa wanakaa wapi humo?" Akacheka tu.

Gari lile lilikuwa na turbo. Mimi sikusoma, nawaeleza nilivyoelezwa: ni kidude kinachovuta hewa na kuisukumia injini, gari lipate mbio. Hewa inapita kwenye mpira mnene, kama koo. Na mpira wa gari lile ulikuwa umezeeka, umelegea, umefanya ufa. Kila akikanyaga mafuta, hewa inapenya ufani: fyuuuu!

Vijana wa bodaboda pale njia panda wakasikia. "Oyaa! Mzee, tupigie tena hiyo filimbi!" Akapiga tena. Mama wa mihogo akaacha kikaango chake, akapiga vigelegele. Tangu siku ile, yule asiyekumbukwa sura akawa na jina mjini. Filimbi! Filimbi anapita! Akipita polepole wanamzomea, "Leo hujala, mzee?" Basi, anakanyaga.

Ila kwenye mlima gari likaanza kuchoka. Akalipeleka kwa fundi. Fundi akafungua boneti, akaubonyeza ule mpira kwa vidole, ukabonyea kama andazi la jana.

"Mzee, hii ndiyo filimbi yako. Mpira umekwisha huu. Siku utakayotaka nguvu kweli, turbo itavuta, mpira utajifunga kama koo la mtu aliyekabwa, na gari litakufia barabarani."

"Weka mpya."

Fundi akalegeza vibano, akauchomoa wa zamani, akavalisha mpya, akakaza. Gari likapanda mlima kama limebeba pamba. Kimya.

Akafika njia panda, shingo kainyoosha, anasubiri. Vijana wakamtazama, wakarudia bao lao. "Filimbi kafulia huyo." Mama wa mihogo hata hakugeuka.

Mnadhani alifurahia mpira mpya? Asubuhi yuko kwa fundi.

"Nirudishie ule wa zamani."

"Mzee wangu, uko sawasawa?"

"Gari la nani?"

Na fundi, Mungu amrehemu, akauokota kwenye vyuma chakavu. Alijua alichokuwa anakifanya. Lakini naye alikuwa amezoea kujisifu mjini, "Filimbi? Namtengenezea mimi!" Akaufunga tena, akaupangusa mpaka ukang'aa.

Mkewe aliposikia ile sauti inaingia uani, akatoka na mwiko mkononi. "Si ulisema umeweka mpya?"

"Mama Lusungu, wewe huelewi. Zamani nilikuwa nikipita hata mbwa habweki."

Sasa sikieni. Siku moja anapanda mlima, mbele yake lori la mbao linajikokota. Akatoka alipite. Kule juu likachomoza lori jingine, linashuka. Akakanyaga mpaka chini. Turbo ikavuta. Mpira ukajifunga.

Siendelei. Humu mna wajane.

Wale vijana walikuja kumzika na pikipiki zao zote, wamefunga matawi, wanapiga honi na kulia. Mwandishi wa msalaba akashika brashi, akauliza, "Marehemu anaitwa nani?"

"Filimbi," wakasema.

"Nauliza jina la mtu."

Mama wa mihogo akainamisha kichwa. Fundi akasema, "Mimi nilimzoea kwa hilo hilo." Ndipo mjane akainuka kwenye mkeka, wala hakupaza sauti. "Anaitwa Obadia Mgaya. Mlimshangilia pale alipopasuka. Alipotengenezwa mkamnyima salamu."

Najua mnavyowaza. Bibi leo anawasema wenye kiburi. Hapana! Mwenye gari simsemi, ameshakwenda. Ninaowasema ni sisi tuliokaa njia panda.

Yule binti wa kwaya alipoanza kukonda, si tulimwambia, "Mwenzetu umepata umbo, tupe siri"? Nani alimwuliza kama anakula? Akaona kumbe kukonda ndiko kunakopendwa, akaendelea kukonda, na sisi tukaendelea kumsifu, mpaka akaanguka hapa mbele, kitabu cha nyimbo mkononi.

Na yule baba aliyekuwa akituchekesha kwenye kila harusi! Tulikuwa tunamwongeza pombe kwa mikono yetu wenyewe, maana akilewa ndipo anachekesha. Mungu akamsaidia, akaacha. Akaja hapa, akakaa benchi la nyuma, amevaa shati safi. Nani alimkaribisha kwake hata kwa chai ya rangi? Mlisema, na mimi nina masikio, mlisema, "Siku hizi amekuwa mkavu." Harusi zikapita, kadi hapewi. Mtu ameponywa, sisi tunamwona ameharibika! Mwenzenu angefanyaje, akae peke yake na uzima wake?

Leo nilipoingia nimetazama lile benchi. Hayupo. Nimemwuliza jirani yake, hajui. Nimemwuliza mzee wa kanisa, naye anasema labda kasafiri.

Basi nawauliza ninyi, na msiniitikie amina: nani kati yetu anajua alipo?

Haya, chukueni khanga zenu. Tukamtafute.