Wanangu Wako Njiani

Sogeeni karibu, na anayetafuna amalize kutafuna, maana hadithi hii ina mwanzo na ina katikati, lakini mwisho wake sinao mimi. Mnao ninyi.

Katika bonde la mto mmoja mkubwa aliishi mjane jina lake Bi Somoe. Alizaa watoto watatu, na kila mmoja alijaliwa jambo lake.

Wa kwanza, Mtulia, alijua shoka. Aliuzunguka mti mara moja tu, akachomeka kijiti ardhini akasema, "Kilele kitalala hapa." Kilele kililala hapo, na kijiti kikazama mchangani.

Wa pili, Sikudhani, alijua kamba. Vidole vyake vilisokota hata akiwa anazungumza, hata akiwa msibani. Watu walisema kamba ya Sikudhani ikikatika, basi uliyemfunga hakuwa ng'ombe, alikuwa tembo.

Kitinda mimba, Chande, alijua kupanda mivumo. Na mvumo, ndugu yake mnazi, si mti wa kuchezea. Hauna tawi hata moja la kushika, na shina lake limevimba katikati kama mtu aliyeshiba pilau. Ukifika kwenye tumbo lile mikono yako haikutani tena, na wengi huishia hapo wakateremka kimya kimya. Chande alipita tumbo, akafika juu kabisa, kwenye majani mapana kama vipepeo vya kupepelea moto, akaangusha matunda huku akiimba.

Mivumo hiyo ilikuwa ya mama yao. Bi Somoe alirithi kwa baba yake shamba la mivumo kumi na sita, lililokuwa kwenye mwinuko ukingoni mwa msitu. Mvumo hukua polepole mno, na mara nyingi anayeupanda hali tunda lake. Tena kuna dume na jike. Jike ndilo huzaa, lakini bila dume jirani halizai kitu. Kwa sababu hiyo shamba lile halikugawanywa kamwe. Lilikwenda kwa mtoto mmoja katika kila kizazi, na huyo ndiye aliyewagawia ndugu zake matunda na majani ya kuezekea, na ndiye ukoo wote ulimwita mwenye miti.

Sasa sikilizeni lililotokea.

Mwaka huo mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na Bi Somoe alikuwa akilinda ndege kwenye dungu lake. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, na hilo la Bi Somoe lilikuwa chini ya mwinuko wa mivumo, mbali na kijiji. Asubuhi moja mto ukaingia kijijini bila hodi. Kabla uji haujachemka, maji yalikuwa magotini. Watu wakanyakua walichoweza kunyakua, wakakimbilia kilimani.

Mtulia alikuwa na wake wawili na watoto saba wa kuwahesabu. Alimkumbuka mama yake, akajiambia: "Mama atachukuliwa na Sikudhani. Mzazi hubebwa na binti."

Sikudhani alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Naye alimkumbuka. Akajiambia: "Chande hana mke wala mtoto. Atampitia mama."

Chande alikuwa ndani ya maji ya kiunoni akivusha wazee wa watu, na watu wakimpigia vigelegele. Alimkumbuka pia. Akajiambia: "Kaka mkubwa hawezi kumsahau mama."

Kilima kilijaa watu. Huyu alijenga kibanda cha majani upande wa mashariki, yule magharibi, yule chini ya jabali. Mvua haikukatika. Siku mbili zikapita, na kila mmoja wa watoto wale watatu alilala akijua kwamba mama yake yuko salama kwa mwenzake.

Siku ya tatu, jua la mchana lilipochungulia kidogo, akatokea msituni mtu amechanika nguo, miguu imevimba. Alikuwa Ngayonga, aliyelima shamba jirani na la Bi Somoe. Mkondo ulikuwa umemtupa mbali, mtumbwi wake ukapasuka, akatembea msituni siku mbili. Alienda moja kwa moja kwenye kibanda cha Mtulia, akawakuta wote watatu, maana Sikudhani alikuja kuomba moto na Chande alikuja kula.

"Ndugu zangu, mama anaendeleaje?" akauliza.

Mtulia akamgeukia dada yake. "Sikudhani, mama anaendeleaje?"

"Kwani yuko kwangu?" Sikudhani akashangaa. "Si alichukuliwa na Chande?"

Chande akaweka tonge chini. "Mimi nilijua yuko hapa kwa kaka."

Moto ulilia tu. Ngayonga akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema polepole:

"Siku ile ya kwanza nilipita na mtumbwi chini ya dungu lake. Nikamwambia, 'Mama, ingia twende.' Akaniambia, 'Nenda zako, baba. Wanangu wako njiani.'"

Sikudhani alijifunika uso kwa kanga. Mtulia, mtu mzima mwenye ndevu, aliinama akaanza kuchimba ardhi kwa kidole kama mtoto aliyevunja chungu. Majirani wa kibanda cha pili walikuwa wamesikia kila neno, na walikuwa wamenyamaza ule unyamavu ambao ni mbaya kuliko matusi. Chande akasimama.

"Tunakaa?" akasema. "Tunakaa?"

Wakaondoka hivyo hivyo wote watatu, Mtulia na shoka lake tu begani. Walipita kwenye mgongo wa kilima, wakakata msitu, na jua lilipoanza kuinama wakafika kwenye shamba la mivumo. Mwinuko ule ulikuwa mkavu. Lakini kati yao na bonde la mpunga palikuwa na mkondo unaokwenda mbio, umebeba magogo na mizoga, na ng'ambo yake matete marefu yalificha kila kitu. Hata dungu halikuonekana. Wakaita. Maji yakameza sauti zao.

Chande akavua shati lake, akalifunga kichwani, akaukumbatia mvumo mrefu kuliko yote. Shina lilikuwa limeloa, linateleza kama kambare. Kwenye tumbo la mti aliteleza mara mbili, ngozi ya kifua ikabaki kwenye gome. Mara ya tatu akapita. Kutoka juu aliliona dungu. Lilikuwa limeinama, nguzo moja imekwenda, na mama yake amejifunga kwenye nguzo nyingine kwa kanga yake.

"Mamaaa!"

Mkono wa Bi Somoe ukainuka kidogo, ukaanguka.

"Yu hai!" Chande akapaza sauti. "Kuna kichuguu karibu na dungu, kichwa chake kimetokeza juu ya maji! Kaka, angusha mti uegemee pale! Ukikosa, mti unapotea!" Na kwa kuwa chini hapakuonekana kitu, alibaki juu akinyoosha mkono kumwonyesha upande.

Mtulia akachagua mvumo dume uliokuwa ukingoni kabisa. Aliuzunguka, akatazama mkono wa mdogo wake, akatazama upepo. Hapakuwa na mahali pa kuchomeka kijiti safari hii. Shoka likaanza kulia, maana gome la nje la mvumo ni gumu kama chuma. Viganja vilichubuka, akavifunga kwa majani, akaendelea. Mti ulipoanza kuugua alirudi nyuma, akafumba macho. Alipoyafumbua, mvumo ulikuwa umelala juu ya mkondo, na kilele chake kiko juu ya kichuguu, pale pale.

Muda wote huo Sikudhani alikuwa akisokota. Hakuja na kamba. Alichana majani ya mivumo yaliyoanguka chini na nyuzi za vikonyo, na vikonyo vya mvumo vina meno meusi kama ya msumeno. Kamba ilitoka na damu. Alisokota pima ishirini, akafunga shina lililoanguka kwenye miti miwili ili lisiviringike, kisha Chande alipoteremka, akamfunga kiunoni kwa sehemu iliyobaki, fundo juu ya fundo.

Chande alivuka kwa kutambaa juu ya mti, na kutoka kichuguuni akarukia dungu. Alipofika dunguni hakujua aweke wapi macho yake. Mama yake alikuwa amejifunga kwa kanga, na mwilini hakubakiwa na nguo nyingine ila fulana iliyochanika. Akageuza uso, akanyoosha mkono nyuma, akampa shati lake.

"Vaa, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bi Somoe, ingawa Chande hakuwa amemwamkia. Masikio yalikuwa yamejaa homa.

Akambeba mgongoni. Katikati ya mkondo gogo kubwa likaja likaupiga mti. Mti uliruka, ukatulia. Chande na mama yake walikuwa majini. Kamba ikakaza ikalia. Haikukatika. Sikudhani na Mtulia wakavuta, wakavuta, mpaka wakawatoa wote wawili kwenye matope.

Bi Somoe alitapika maji. Akafumbua macho, akawatazama wanawe watatu waliopiga magoti mbele yake. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Mmekula?"

Maji yalipungua, watu wakarudi kujenga. Bi Somoe alipona, ila miguu haikurudi kama zamani. Lakini habari ya kilimani ilikuwa imeenea. Mtulia aliacha kukaa barazani, kwa sababu kila alipofika wazee walianza kuzungumzia mvua. Sikudhani alikwenda kuchota maji mchana wa jua kali, wakati wenzake hawapo. Chande alisikia watu wakimsifu kwa wazee wa watu aliowavusha, na kila sifa ilimwasha kama upupu.

Ndipo Bi Somoe akawaita wote, na Ngayonga naye akaitwa. Walikaa mkekani mbele ya nyumba mpya, na majirani wakasimama uani.

"Miguu yangu imekwisha," akasema. "Shamba la mivumo linataka mwenye miguu. Na mwajua halikatwi vipande. Nataka kumpa mmoja wenu, yule aliyeniokoa. Semeni ni nani."

Mtulia akajibu kwanza, macho chini. "Mama, mpe Chande. Ndiye aliyekubeba. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyepaswa kuwahesabu watu wote, na wewe sikukuhesabu."

"Asinipe mimi," Chande akasema. "Nilivusha mama za watu kwa sababu walikuwa wananitazama. Mama, kule dunguni hakukuwa na wa kunitazama. Mpe dada. Bila kamba yake tungekuwa chakula cha mamba."

Sikudhani akafungua viganja vyake vyenye makovu, akavifunga tena. "Mimi ni binti yako. Nilikaa siku mbili bila kuuliza, 'Mama kala?' Mpe kaka. Yeye ndiye aliyetengeneza njia."

Bi Somoe akamgeukia jirani yake. "Basi mkikataa wote, nitampa Ngayonga. Yeye alikuja bila kuitwa, na bila maneno yake msingekuja kabisa."

Hapo Ngayonga akatoka mkekani akakaa mavumbini.

"Mama, usiniaibishe zaidi. Siku ile uliposema wanao wako njiani, nilijua si kweli. Nilikuona usoni. Lakini mtumbwi ulikuwa umejaa mbuzi wangu watano, na ili wewe uingie ilibidi niwatupe wawili. Niliposikia jibu lako nikafurahi moyoni. Nikapiga kasia haraka, usije ukabadili neno."

Watu uani wakashusha pumzi. Bi Somoe akashika ncha ya kanga yake, akaizungusha kidoleni.

"Hata mimi nina langu," akasema kwa sauti ndogo. "Ningeweza kuingia mtumbwini. Mbuzi angesogea. Niliona aibu watu waseme, 'Somoe kazaa watatu, kaokolewa na jirani.' Nikasema uongo. Na kwa uongo ule nusura niwaache wanangu na mzigo ambao wasingeutua mpaka kufa."

Akawatazama wote wanne.

"Sikuuliza nani ana aibu. Aibu tunayo sote, tumekalia mkeka mmoja. Niliuliza nani aliyeniokoa. Matunda ya mivumo yanakaribia kuiva, na lazima awepo mwenye miti. Nendeni mkaulize watu. Watakalosema watu, nitalifuata."

Basi wakatoka kuuliza, nyumba kwa nyumba, na swali lao limefika hapa tulipokaa.

Chande aliona na akabeba, lakini bila mti angeona tu mama yake akifa. Mtulia alitengeneza njia, lakini bila macho ya mdogo wake angeilaza njia majini. Kamba ya Sikudhani ndiyo iliyowashika wote, lakini kamba peke yake haivuki mto. Ngayonga hakuvuka kitu siku ile, ila alitembea siku mbili kwa miguu iliyovimba, akasema neno ambalo lingeweza kumfedhehesha yeye mwenyewe. Na kila mmoja wao alimwacha yule mama kabla hajamwokoa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza. Wako mlangoni kwako, wameinamisha vichwa, wanangoja. Shamba la mivumo ungempa nani? Na huyo uliyemchagua akikataa kuinua macho akutazame, ungemwambia nini?