Mayai Sita ya Bi Kwale

Paukwa!

Pakawa!

Aa, pakawa gani hiyo ya mgonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hivyo ndivyo. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mahakama yao, palikuwa na Bi Kwale. Bi Kwale alitaga mayai saba. Akayalalia. Asubuhi moja akatoka kutafuta mchwa, chaku chaku chaku. Kurudi, kiota kitupu! Akafuata alama ya mkia mchangani. Akamkuta Kenge kichakani. Yai moja keshalimeza, sita kayakumbatia.

"Mwizi! Mwizi!"

"Mwizi nani, dada? Ya mke wangu haya. Kwani sisi hatutagi?"

Wakafikishana kwa Hakimu Kiboko. Hakimu akayatazama mayai, akasema, "Haya sasa ni kielelezo. Ndiyo ushahidi wenyewe. Asiyaguse mtu mpaka kesi iishe."

Akamkabidhi Kakakuona, mtunza vielelezo. Kakakuona akayatia chunguni. Akaziba kwa nta. Akapiga muhuri, pwa! Akajikunja juu yake na magamba yake yale, baridi kama sufuria ya juzi.

Bi Kwale akapiga magoti. "Mheshimiwa, niyalalie hapahapa, mbele ya macho yenu. Siku ishirini tu. Kikitoka kifaranga, ni wangu. Kikitoka cha mkia mrefu, ni wa Kenge. Watoto watasema wenyewe!"

Wanyama wote wakaitikia, "Eee! Kweli kabisa!"

Kakakuona akaruka. "Haiwezekani, mama! Hapa nimeandika mayai sita. Yakianguliwa, hayo mayai nitayatoa wapi? Nitaulizwa mimi!"

Hakimu akatikisa kichwa. "Kielelezo kikibadilika si kielelezo tena. Halafu jua limekuwa kali, ngozi yangu inauma. Kesi mwezi ujao."

Chubwi! Mtoni.

Mwezi ukafika. "Kesi ya nani? Ya kwale? Aa, jua." Chubwi!

Na kila siku Bi Kwale yuko mlangoni kwa Kakakuona. Kila siku, nawaambia!

"Mjomba, nifungulie niyapashe moto kidogo."

"Sheria, mama."

"Watoto wanapoa, mjomba."

"Muhuri, mama."

Jamani! Muhuri unasikia baridi? Nta ina mama?

Mwezi wa tatu, mawingu yakatanda, hakimu akakaa. Kenge akaja amenenepa, anang'aa. Alikuwa anakula wapi, msiniulize, maana nyumba za ndege ni nyingi na mimi si mmbea.

Kakakuona akaleta chungu, kifua mbele. "Muhuri mzima, mheshimiwa! Hesabu sita! Hajagusa mtu!"

"Hongera sana," akasema hakimu. "Vunja moja tuone la nani."

Kakakuona akavunja. Puuuu! Lo, harufu! Baraza zima likashika pua. Akavunja la pili, puuuu! Ndani hamna mdomo, hamna mkia. Uji mweusi tu.

Hakimu akasema huku kajiziba pua, "Ushahidi hauonyeshi kitu. Kenge, nenda zako. Bi Kwale, chukua mayai yako. Weka alama ya ukucha hapa, kwamba umeyapokea."

Kenge huyoo, mkia juu.

Bi Kwale hakuweka ukucha. Akasimama palepale kwenye harufu, akamtazama hakimu, akamtazama Kakakuona.

"Kenge alinilia mtoto mmoja, akaona haya, akakimbilia kichakani. Ninyi mmeniulia sita mchana kweupe, na mnataka niweke ukucha."

Hakimu huyoo, chubwi! Mtoni. Hata leo hajajibiwa.

Nasema wazi, wakubwa mnisikie pamoja na wadogo: ushahidi hutunzwa ili mwenye haki aipate haki yake. Anayeulinda muhuri akamwacha mwenye haki aangamie, huyo ni mwenzake mwizi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye hakimu nyumbani kwake, akamsimulie.