Firigisi ya Watoto wa Seli

Hapo zamani, zamani ambayo haijapoa hata, palikuwa na mjane muuza mandazi na watoto wake watatu. Nanjala alikuwa na digrii na hasira. Digrii haikumpa kazi, hasira haikumpa likizo. Namalwa alikuwa mkaidi, uongo haumtoki hata umkabe. Khisa alikuwa mpole, hajui kumwambia mtu hapana.

Askari wa soko akaja, akalipiga teke jiko la mama. Mama akamsukuma. Askari akamkamata. Nanjala akabeba beseni la unga uliokandwa, akambwagia askari kichwani.

"Sasa una kesi ya maana, officer. Mwache mayi, mama yangu, nishike mimi."

Mama akaachwa. Nanjala akatiwa seli.

Kituoni wakamwita Namalwa. "Sema mama yako ndiye aliyemtuma dada yako, wewe uende nyumbani."

"Hakumtuma."

"Sema tu, dada."

"Nimesema. Hakumtuma."

Naye akatiwa seli.

Khisa akawaletea dada zake chai. Afande wa kituo akamuuliza, "Na wewe ulikuwapo?"

"Ndiyo, afande."

"Ukasaidia?"

"Kama mnaona hivyo, afande."

Seli. Lakini humo ndani akaomba shati la yule askari wa soko, aliyekuwa bado kituoni akiandikisha kesi, akalifua unga wote ukatoka, akamsikiliza akilia shida za nyumbani kwake mpaka akanyamaza. Kesho yake mahakamani askari akasema, "Mheshimiwa, sina neno tena na watu hawa." Kesi ikafa.

Mama akawarudisha kwa kupitia katikati ya soko, kichwa juu, kama anayepeleka mahari. "Tazameni vizuri. Hawa wa kutoka ndani ni wangu."

Akachinja kuku. Na kwetu firigisi huliwa na mwenye mji, na baba yao, mwenye mji, walikuwa wameshamzika. Atakayeila leo ndiye kichwa cha nyumba.

"Bila hasira yangu," akasema Nanjala, "mayi angelala ndani."

"Bila hasira yako tusingelala ndani sisi," akasema Namalwa. "Mimi ndiye niliyekataa kumuuza mayi."

"Ukakataa, ukafungwa. Nani alimlainisha askari?" akauliza Khisa. "Lakini kuleni tu, dada zangu."

"Umeona?" Namalwa akamwambia Nanjala. "Kichwa cha nyumba gani kinasema ndiyo kwa kila mtu?"

Mama akacheka, akainua firigisi kwa mwiko. Wote watatu wamenyoosha sahani, hata Khisa.

Haya, wasomi, na nyinyi mnaojiita wapole: ingekuwa mwiko mmeshika nyinyi, mngemtilia nani?